Wifi na Tuta la Ua la Yai

Siku tunamzika kaka yangu, wifi yangu aliinama pembeni ya kaburi akang'oa gugu.

Watu wameinamisha vichwa, sala inaendelea, yeye mkono umeshuka wenyewe, umekamata shina chini kabisa, umezungusha kidogo, umevuta. Akakung'uta udongo, akalilaza mizizi juu ili jua lilimalize. Kisha akang'oa la pili, akalipanga ubavuni mwa la kwanza. Jirani mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba mjane keshachanganyikiwa. Nikamgeukia nikamwambia hajachanganyikiwa, yuko kazini, na kama yeye hana cha kufanya kwa mikono, afunge mdomo. Akafunga.

Lakini moyoni nilijua mambo hayako sawa. Wifi hakulia siku ile, na hakulia baadaye. Sisemi kwamba alijikaza. Mtu anayejikaza namjua, taya linamkakamaa. Yeye alikuwa hayupo tu. Ukimpa chai anakunywa, usipompa hadai. Ukimwambia kaa anakaa, na ukisahau kumwambia inuka utamkuta palepale.

Huyo si wifi niliyemzoea. Mimi nina mdomo, hilo halina ubishi, na katika ukoo mzima yeye peke yake ndiye aliyeweza kunizima. Siku kaka alipomleta nyumbani mara ya kwanza nilimuuliza mbele ya watu kama anajua kupika. Akasema anajua, ila amesikia mawifi zake wanakula sana, ndiyo maana ameanza kuyaonea huruma masufuria. Baba akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Nikaona basi, huyu tutaishi naye.

Tulifanya kazi pamoja kwenye kitalu cha maua kando ya barabara kuu, mimi, yeye na kaka. Mimi ni wa viriba: najaza udongo kwenye vile vifuko vya plastiki, napanga, napandikiza miche. Wifi alikuwa wa palizi. Kazi yake yote ilikuwa kung'oa kisichotakiwa, na mwenye kitalu alitaka matuta yake yawe safi kama sahani. Mwenye kitalu tulimwita Kipaza, kwa sababu akikusalimia asubuhi hata walio ng'ambo ya barabara wanaitikia. Aliwafundisha wapalilia namna moja tu: kamata chini, zungusha, vuta, mizizi juu, panga mstari. Wifi aliifanya kazi hiyo miaka mingi mpaka ikahamia kwenye vidole. Akija kwangu kunitembelea, kabla hajabisha hodi keshasafisha mlangoni. Akisimama foleni hospitali, ua wa hospitali unapungua magugu.

Kaka alikuwa mtafuta mbegu. Alizunguka porini na mabondeni akileta mbegu za miti, na kila mara mfukoni alirudi na za ua moja ambalo hakuna aliyemtuma. Sisi tuliliita ua la yai. Katikati njano, pembeni petali nyeupe, utadhani yai lililokaangwa na mtu asiye na haraka. Ni ukoo mmoja na alizeti, ila alizeti ndiye shangazi tajiri wa ukoo, na hili ni ndugu yule anayekuja bila kualikwa na kulala sebuleni. Lilituotea kwenye mawaridi, kwenye viriba, kwenye nyufa za sakafu ya choo. Wifi aliling'oa kutwa nzima. Jioni mumewe anarudi na mfuko wa mbegu zake, anazimimina kwenye kopo la maziwa ya unga, anafunga kifuniko.

"Huyu mwanamke," kaka alikuwa akilalamika kwangu, "mimi napiga magoti kuliokota, yeye anapiga magoti kuling'oa. Tutakutana wapi?"

Wifi alimjibu kwamba wanakutana kwenye magoti, basi inatosha.

Waliishi kwenye chumba cha kitalu, nyuma ya stoo ya vifaa. Chumba cha tofali, dirisha moja, mlango unaofunguka kwenye bomba la maji. Kilikuwa chumba cha mfanyakazi, maana yake kazi ikiisha, ufunguo unarudi. Kaka alipoondoka, kifua kilimbana siku chache tu akaondoka, Kipaza alisema mjane abaki maadamu anapalilia. Nilimshukuru. Mimi nakaa chumba kimoja mjini, na mtoto wao wa kiume ni dereva wa lori la safari ndefu, analala nyuma ya usukani. Wifi hakuwa na pengine.

Kijana alikuwa ananipigia simu akiwa njiani. "Shangazi, mama analia?"

"Halii."

"Afadhali."

"Si afadhali hata kidogo," nikamwambia. "Angalia barabara."

Miezi ikapita hivyo. Wifi anaamka, anapalilia, anakula akipewa, analala. Nikimchokoza hanijibu. Siku moja nilimwambia kaka yangu alioa mwanamke ana mdomo, kumbe mahari ilikwenda kwa bubu. Lilikuwa neno baya, nalo nililisema makusudi anitukane. Akasema, "Sawa, wifi."

Ndipo akaja mteja mwenye jengo jipya kule mlimani, ana mteremko mtupu mbele ya jengo, anataka ufunikwe maua ya porini. Hataki mawaridi wala majani ya kukata. Alionyesha picha kwenye simu, tukachungulia wote. Ua la yai. Tukatazamana. Mtu analipia gugu. Kipaza alikumbuka kopo la kaka, akaenda kulitafuta stoo, akalikuta nyuma ya makopo ya rangi, limejaa hadi juu. Kaka aliyechekwa kwa lile kopo hakuwepo kuona linabebwa kwa mikono miwili.

Mbegu nilisia mimi, wifi akiwa upande wa pili wa tuta. Ua hili lina masharti kinyume cha mengine yote. Ukilipa samadi nyingi linanenepa majani na kusahau kuchanua. Linataka kokoto, mchanga, shida kidogo. Mbegu zake ni nyepesi, zina manyoya, ukipiga chafya umeshapanda kwa jirani. Na hazifukiwi. Unazimwaga juu ya mchanga, unazikandamiza kwa ubao, unaziacha zione mwanga, na maji unayapitisha kwenye kitambaa ili yasizisombe. Tulifanya hivyo. Wifi alishika kitambaa, mimi namwaga. Nilimwambia, haya, mbegu za mumeo hizi. Akasema ndiyo.

Kipaza akatangaza kwa sauti yake ile kwamba tuta hilo, la mwisho ukutani, lisiguswe na mtu. Sote tulisikia. Nadhani na mteja alisikia huko kwake.

Wiki ya pili vikatoka. Vijani viwili vidogo, kisha vingine vyenye manyoya, umbo la kijiko. Tuta zima likawa na rangi ya kijani hafifu. Nilikuwa napita kila asubuhi kuangalia, na mimi si mtu wa kubembeleza majani.

Siku yenyewe nilikuwa kwenye viriba toka asubuhi. Niliposimama kwenda bombani nilimwona wifi ananawa mikono, taratibu, kidole kwa kidole. Nyuma yake, chini ya ukuta, tuta lilikuwa safi kama sahani. Na pembeni, kwenye njia, mistari. Mistari iliyonyooka, miche yote, mizizi juu.

"Wifi, umefanya nini?"

"Nimepalilia."

"Umepalilia nini?"

Akageuka kuangalia. Aliangalia muda. Hakushika kichwa, hakuketi chini.

"Kumbe," akasema.

Basi. Hilo ndilo neno alilolitoa. Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti naokota miche, naitia kwenye ndoo ya maji, lakini jua lilikuwa limekwisha kuifanyia kazi yake, ile ile aliyofundishwa wifi kuliachia. Mizizi ilikuwa nyuzi kavu. Nilipandikiza mingine hivyo hivyo kwa ukaidi, nikijua. Kufika jioni miche yote ilikuwa imelala. Kwenye kopo hapakubaki kitu, tulikuwa tumelikung'uta hadi vumbi.

Nilitaka nimtikise mabega. Zile zilikuwa mbegu za mwisho alizookota kaka yangu, na mkewe ndiye aliyezing'oa, moja moja, kwa adabu ya kazi. Lakini utamtikisa nani? Uso wake ulikuwa ule ule wa asubuhi.

Kipaza alikuja. Nilijiandaa kwa kelele, na wote walioko kwenye matuta waliacha kazi kusubiri kelele. Yeye akauliza kwa sauti ndogo kabisa nani kafanya. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Mimi," akasema wifi.

"Kwa nini?"

"Sijui. Mikono."

Kipaza alitazama tuta, akavua kofia, akaivaa tena. Sitamsema vibaya, alikuwa ametoa ahadi kwa mteja na jengo lilikuwa linakaribia kufunguliwa. Akamwambia wifi kwamba yeye peke yake ndiye anayejua kaka alikuwa anaokota wapi, maana walikuwa wakienda wote siku za mapumziko. Aende na jembe na magunia, achimbe mashina yaliyokomaa, ayalete na udongo wake. Shina moja likigawanywa linatoa manne au matano. Yakipandwa kwenye kokoto kufikia mwisho wa mwezi yatakuwa yameshika, na mteja ataridhika. Akishindwa, chumba itabidi apewe mtu ambaye akiwa kazini, yupo kazini.

Wifi akasema sawa. Ningekuwa mimi ningebishana hadi ulimi ukauke, lakini hata mimi niliona ametendewa haki.

Kesho yake tukaenda wawili. Mahali penyewe ni machimbo ya kokoto yaliyoachwa, mwendo mrefu kupita nyuma ya viwanda, na mimi miguu yangu ina malalamiko yake. Nilisema njia nzima. Nilimsema Kipaza, nikamsema mteja, nikaisema serikali kwa zile barabara, nikamsema na kaka kwa kupenda ua lisilo na maana. Wifi alibeba jembe begani akitangulia. Tulipofika ukingoni niliacha kusema.

Shimo lote lilikuwa limechanua. Kingo zote, kati ya mawe, mpaka kule chini kwenye dimbwi. Meupe na njano, mengi kiasi kwamba ukitazama huoni ua moja, unaona kitu kimoja kimelala. Hapana kivuli, hapana samadi, hapana anayemwagilia. Nilifikiria kaka akija hapa kila msimu, na nikaelewa kwa nini hakuweza kutuelezea, maana tungemcheka.

Wifi alishuka akasimama katikati. Sikuona chochote usoni mwake. Nikajiambia, haya, tufanye kazi tuondoke. Nikachagua shina nene karibu na mguu wangu, nikainua jembe.

Akalishika mpini.

"Acha."

"Niache nini?"

"Usichimbe hapa."

Nikamuuliza tuchimbe wapi basi, kule? Akasema wala kule. Nikamwambia wifi yangu, sikiliza, yapo mengi, tukichukua magunia matatu hata hayatajua. Akaendelea kuushika mpini. Nikamkumbusha chumba. Nikamwambia kijana wake analala kwenye lori, mimi kwangu ukinyoosha miguu unafungua mlango, na Kipaza si mtu wa kutania.

"Kikienda, kiende," akasema.

"Nipe sababu. Moja tu."

"Sina."

"Kaka alikukataza?"

"Hakunikataza. Sitaki tu, wifi."

Nilimtazama. Tangu mazishi nilikuwa sijamsikia mtu huyu akitaka kitu wala akikataa kitu. Chai alikubali, matusi alikubali, kila tulichomkalisha juu yake alikikalia. Na sasa amechagua siku hii, mahali hapa, kunikatalia jambo la maana, tena la kijinga. Nilikasirika sana. Nilimwambia ni mpumbavu, nikamwambia kaka angemwambia hivyo hivyo, ingawa sikuwa na hakika. Kisha nikaliweka jembe chini, maana ningefanya nini, nipigane naye shimoni?

Tukarudi na magunia matupu.

Kipaza hakupaza hata siku ile. Alisikiliza, akauliza kama hawezi au hataki, wifi akasema hataki. Akamtaka ufunguo. Wifi alikuwa nao tayari mkononi. Mteja alipandiwa majani ya kawaida kwenye mteremko wake, hakufurahi, akakata sehemu ya kazi iliyobaki akampa mtu mwingine.

Vitu vya wifi viliingia kwangu kwa toroli moja. Tulivipanga juu ya vyangu, vyangu juu ya vingine, na kitanda chake tukakisukuma kwenye pembe ya mlangoni, pale ambapo kila anayebisha hodi anamgonga kichwa. Nilimuuliza kama patamfaa. Akasema popote. Nikasema moyoni, kumbe lile la machimboni lilikuwa la siku moja, limekwisha. Nilitoka asubuhi kwenda kazini nikimwacha amekaa, narudi nimkute amekaa. Njia ya mlangoni kwetu ilikuwa haina hata jani.

Siku moja nikarudi hayupo. Majirani wakasema ametoka na mfuko wa kitambaa. Nilihangaika mpaka nikafika kituo cha mabasi, nikauliza kila mtu, nikajibiwa vibaya na wengine nikawajibu vibaya zaidi. Alirudi jua likielekea kuzama, nywele zimejaa manyoya meupe. Mbegu zilikuwa zimekomaa. Alikuwa ameokota peke yake, shimo zima, vile alivyokuwa akimwona kaka anafanya: unakikamata kichwa kilichokauka, unakizungusha kidogo juu ya mfuko, unaachia. Mashina yote ameyaacha yamesimama.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ungesema miguu."

Ilinichukua muda kutambua kwamba nimejibiwa.

Mfuko ule niliupeleka mimi kwa Kipaza, kwa sababu wifi alikataa kwenda. Kipaza alitia mkono ndani, akautoa, akapuliza, akawa anafikiri. Alisema chumba ameshapewa fundi wa bomba na familia yake, hilo halirudi. Nikasema sikuja kwa ajili ya chumba. Akasema wifi arudi kwa kibarua cha kutwa, msimu ujao tutasia mapema, pengine mteja wa jengo atapatikana tena na pengine hatapatikana. Ila afanye kazi yoyote, kusia, kumwagilia, kubeba, palizi asiikaribie. Sauti yake ilikuwa imerudi, kwa hiyo barabara nzima ilisikia kwamba mpalilia bora wa kitalu amepigwa marufuku kupalilia. Wenzetu walicheka wiki nzima. Walimfunga kamba nyekundu kwenye vidole gumba, wanamwambia ikimwasha, asimame. Aliiacha. Sijui kama alipenda ule utani, hakusema, lakini hakuivua.

Tumesia tena. Tuta lile lile la ukutani, kokoto na mchanga, ubao, kitambaa. Hazijatoka bado. Sisi tunaondoka asubuhi pamoja na kurudi pamoja, na hatuongei sana njiani, naongea mimi. Kijana anapiga simu, anaomba azungumze na mama yake, wananyamaza wote wawili, kisha kila mmoja ananipa ripoti ya mwenzake. Bado halii. Siku hizi simwambii kijana kwamba si afadhali.

Jana tulikuwa tumeshakula. Mimi nakunja nguo, yeye amekaa kwenye kitanda chake cha mlangoni, miguu imeingia chini ya meza kwa sababu hakuna pengine pa kuiweka. Akasema bila kunitazama:

"Wifi. Nataka upande wa dirisha."

Nikamwambia upande wa dirisha ni wangu tangu nilipokodi chumba hiki, kabla hata kaka hajamjua. Nikamwambia mimi nina joto la umri. Nikamwambia mgeni hachagui. Nilisema mengi, hata mimi nilishangaa jinsi yalivyokuwa tayari.

"Nimesikia," akasema. "Lakini nautaka."

Akabaki amekaa vile vile, anasubiri. Hakuondoa macho dirishani.

Tukavisukuma vile vitanda. Kabati ilibidi itoke kwanza uani, na mguu wa meza ukavunjika, na jirani akagonga ukuta kuuliza tunabomoa nini. Nililala mlangoni. Asubuhi muuza maziwa aliponigonga kichwa kwa mlango nilimtukana, na kule dirishani nikasikia wifi anageuka, anavuta shuka, anaendelea kulala.